Sukari ameizoea, sindano ya figo ndiyo inatutoa jasho

Shikamoo Mama Nesi,

Nakuandikia kutoka Muheza, usiku, mzee ameshalala. Mume wangu ana miaka 53, ni fundi cherehani. Miaka minne iliyopita aligundulika ana sukari, akaanzishiwa metformini na aspirini ndogo ya jioni, na kusema kweli ugonjwa huo haujawahi kutusumbua. Kliniki haikosi, ugali amepunguza, soda aliacha siku ileile. Sukari yake ya asubuhi inacheza kwenye 7, ikizidi sana 8.

Miezi miwili iliyopita aliamka uso umevimba, macho kama ya mtu aliyelia usiku kucha. Tukasema labda kalala vibaya. Haikupita wiki miguu ikajaa, ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Viatu vyake vya Ijumaa vikagoma kuingia, akaenda msikitini na kandambili. Mkojo wake una povu kama la sabuni ya unga, namwaga maji chooni mara tatu ndipo linaisha.

Kituo cha afya walipima mkojo kwa kijiti wakakuta protini nyingi na damu. Huku kwetu damu kwenye mkojo kila mtu anajua ni kichocho, akapewa dawa za kichocho, akameza zote. Uvimbe ukabaki, na damu kwenye kipimo ikabaki. Ndipo tukapewa rufaa kwa daktari wa figo. Kriatinini, kile kipimo cha damu ambacho kikipanda figo zinashindwa kazi, ilikuwa 92, baada ya wiki sita ikawa 178. Protini anayopoteza kwa siku ni gramu 6. Mtaalamu wa macho kamwangalia hadi nyuma ya jicho, akasema sukari haijagusa kitu. Ultrasaundi ikaonyesha figo zote mbili ziko na ukubwa wake wa kawaida. Daktari akakaa kimya kidogo, akasema: "Mzee, hii haifanani na sukari. Naomba tuchukue kinyama cha figo tukiangalie."

Hapo ndipo nyumba ilipowaka moto. Mama mkwe anasema kinyama wanachukuliwa wenye kansa, kwa hiyo mwanawe ana kansa na mimi namficha. Shemeji anasema figo ikitobolewa inavuja mpaka inakufa, anamjua mtu alitobolewa akaishia kwenye mashine ya kusafisha damu. Jirani yeye kamaliza kabisa: wanataka kumwibia figo wakamuuzie tajiri, au wamfanyie majaribio. Mwenyewe amekuwa mkimya. Juzi tu aliniuliza, "Kama tatizo ni sukari, si wanitibu sukari?" Sikuwa na jibu.

Halafu kuna jambo sijamwambia daktari. Wifi alituletea unga wa mizizi wa "kusafisha sukari", kijiko kimoja kwenye uji asubuhi na jioni, tangu mwaka jana. Na ule mgongo wa kuinamia cherehani unamuuma, kwa hiyo anameza diklofenaki za dukani karibu kila siku, mwaka sasa na zaidi. Wifi ndiye anayetulipia nauli na vipimo. Nikimtaja, nitaonekana sina shukrani.

Siku ya kipimo tumepangiwa, zimebaki wiki tatu. Nimwambie akubali au tuachane nacho?

Mke wa Fundi, Muheza

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na jibu naanzia pale ulipotaka kulificha jambo.

Ule unga utie kwenye mfuko wake uleule, makasha ya diklofenaki yachukue hata yaliyo matupu, vyote viende mezani kwa daktari. Usisubiri siku ya kipimo. Kama kliniki mna namba yake, piga kesho asubuhi. Na kuanzia leo usiku, unga na diklofenaki vikome. Mgongo ukimuuma, muulizeni daktari kuhusu parasetamo.

Nakwambia hivyo kwa sababu diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao wote wa aina hiyo zina njia zaidi ya moja ya kuiumiza figo. Zinapunguza damu inayoingia. Kwa baadhi ya watu zinaamsha mzio ndani ya nyama yenyewe ya figo. Na kwa wachache zinaharibu vile vichujio vidogo mpaka protini inamwagika kama maji kwenye kikapu, mtu anavimba uso na miguu na mkojo unafanya povu. Soma tena barua yako mwenyewe uone kama hujaeleza kitu kinachofanana na hicho. Sisemi ndicho alicho nacho mzee. Nasema daktari anatafuta sababu huku moja ya zile zinazowezekana umeifungia kabatini.

Unga nao hakuna kati yetu anayejua kilichomo. Mitishamba mingi haina neno, lakini mingine imewahi kuua figo za watu, na si Afrika tu. Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliokuwa wakinywa dawa za mitishamba za kupunguza unene walianza kufika hospitali figo zimenyauka, na mmea uliolaumiwa, Aristolochia, haukuwa hata umetajwa kwenye kile walichodhani wanakunywa. Nao waliambiwa ni kitu cha asili.

Kuhusu wifi: huna haja ya kumtaja. Sema "tulikuwa tunatumia". Daktari anataka kujua kilichoingia tumboni, kilianza lini, kiasi gani. Aliyekileta si ugonjwa. Na wifi mwenyewe, siku mkikaa vizuri, mwambie kwamba daktari amesimamisha dawa zote ambazo hakuandika yeye, basi. Hapo umesema kweli na hujamvunjia mtu heshima.

Sasa swali la mzee, ambalo ni zuri kuliko yote yaliyosemwa hapo nyumbani. Kama ni sukari, si atibiwe sukari?

Sukari inapoharibu figo huenda kama mchwa. Huanza na protini kidogo ambayo kijiti cha kawaida hakiioni, miaka inapita, inaongezeka, presha inapanda, kriatinini inasogea polepole. Mara nyingi macho nayo huwa yameguswa, maana vimishipa vya nyuma ya jicho na vya figo vinaonja sukari ileile. Mgonjwa wa namna hiyo, mwenye sukari ya miaka 15, macho yana madoa, protini imepanda ngazi moja moja, hachomwi sindano ya figo. Nimeuguza wengi wa aina hiyo na sikumbuki daktari aliyewataka kinyama, kwa sababu jibu linajulikana na matibabu hayabadiliki. Kumchoma mtu huyo ni kumtia hatarini bila faida.

Mzee wako hakuliwa na mchwa. Kwake ni ng'ombe walioingia shambani usiku mmoja. Uvimbe wa wiki moja. Protini gramu 6 kwa siku, wakati mtu mwenye figo salama hapotezi hata gramu 0.2. Damu kwenye mkojo ambayo dawa ya kichocho haikuiondoa. Kriatinini imekaribia kuongezeka maradufu ndani ya wiki sita. Na macho safi. Kila moja peke yake inaweza kuelezwa kwa namna nyingine, na niwe mkweli hapa: macho safi hayaisafishi sukari kabisa kwa mtu aliyeipata ukubwani, na ile "miaka minne" ni miaka tangu igundulike, huenda ilikuwemo mwilini kabla. Lakini zikikutana zote kwa mtu mmoja, daktari ambaye angesema "ni sukari tu, nendeni nyumbani" ndiye ningemwogopa.

Mwenye sukari hana kinga ya magonjwa mengine ya figo. Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walipitia vinyama vya figo vya wagonjwa 620 wenye kisukari. Asilimia 37 walikuwa na madhara ya sukari peke yake. Asilimia 36 hawakuwa na madhara ya sukari kabisa, walikuwa na ugonjwa mwingine. Asilimia 27 walikuwa na vyote viwili. Usizichukue hesabu hizo ukadhani kila mwenye sukari mtaani kwenu yuko hivyo, hapana. Wale walichomwa kwa sababu hali zao zilitia shaka, kama ya mzee. Ndiyo maana zinamhusu.

Kinachonifanya nisiyumbe kwenye ushauri huu ni dawa. Baadhi ya magonjwa yanayomwaga protini ghafla hutibiwa kwa prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, kwa dozi kubwa, kwa wiki, wakati mwingine miezi. Prednisoloni kwa mwenye sukari ni petroli. Hiyo 7 ya asubuhi unaweza kuikuta 18, akaanza insulini, akashikwa na maambukizi ya kila namna. Moto huo unawashwa ukiwa na sababu mkononi, si kwa kubahatisha. Upande wa pili, kama ana ugonjwa unaotibika kwa prednisoloni na asipewe kwa vile "ni sukari tu", figo zinakwenda. Kijiti cha mkojo hakiwezi kutenganisha hayo mawili. Kinyama kinaweza.

Kabla ya sindano hakikisheni vipimo vya damu vimekamilika: virusi vya Ukimwi, homa ya ini B na C, kaswende, na vile vya magonjwa ambayo kinga ya mwili inamgeukia mwenyewe. Vyote hivyo vinaweza kuleta hali kama ya mzee. Kuna na kipimo cha kingamwili kinachoitwa PLA2R ambacho, kikiwa chanya, kwa baadhi ya wagonjwa hutosha kutaja ugonjwa bila sindano. Muulizeni daktari kama kinapatikana na kama kwa mzee kingesaidia. Swali hilo halimvunjii heshima.

Tuingie chumbani sasa, maana naona hapo nyumbani kila mtu ana picha yake ya kisu.

Hakuna kisu. Mzee atalala kifudifudi, mto umewekwa chini ya tumbo, mgongo wazi. Daktari anaangalia figo kwa ultrasaundi, mara nyingi ya kushoto, ncha yake ya chini. Anapaka dawa ya kuua vijidudu, baridi ile inawashtua wengi kuliko sindano. Kisha ganzi. Hiyo inachoma kama siafu kwa sekunde kadhaa halafu panakufa. Sindano yenyewe ya kuchukulia ina unene usiofika milimita mbili. Daktari atamwambia, "Vuta pumzi, shika," kwa sababu figo hupanda na kushuka mtu anapohema, na itasikika *tak*, kama stepla. Hapo mzee ataruka kidogo kwa mlio, si kwa maumivu. "Hema." Watarudia mara mbili, pengine tatu. Nusu saa, wamemaliza.

Kinachotoka mwambie ni kama kipande cha uzi mnene, urefu wa sentimita moja au mbili. Fundi cherehani ataelewa, hicho ni kiasi anachokata kwa meno na kutema. Ndani ya uzi huo wanatarajia kupata vichujio 10, 20, wakibahatika zaidi. Figo moja ina karibu milioni moja. Hapo ndipo shemeji aambiwe afanye hesabu.

Lakini shemeji hajakosea kila kitu, na sitaki mzee akubali kwa kudanganywa. Figo ni nyama iliyojaa damu na kuvuja kidogo kupo. Katika kila wagonjwa 100, watatu au wanne wataona mkojo mwekundu kwa macho yao, na kwa wengi unasafika wenyewe ndani ya siku moja mbili. Mmoja au wawili wataongezewa damu. Wachache zaidi damu haikatiki mpaka wataalamu wazibe mshipa unaovuja. Vifo vimetokea, chini ya mmoja kwa kila 1,000. Hatari hiyo ipo na ndiyo sababu ya kulazwa. Yule mtu wa shemeji aliyeishia kwenye mashine simjui, ila wa namna yake nimewaona: anakaa mwaka mzima na uvimbe, anafika hospitali figo zimebaki robo, anachomwa sindano akiwa mlangoni mwa dialisisi. Sindano inakuwa kitu cha mwisho watu wanachokumbuka, inabeba lawama ya mwaka mzima. Figo zilizokwisha kusinyaa hata hazichomwi kwa kawaida. Za mzee ziko na ukubwa wake, bado kuna cha kuokoa.

Mama mkwe mpeleke kliniki asikie kwa masikio yake. Neno "kinyama" kwetu limefungwa kamba na kansa, kwa sababu ndiko watu wengi walikolisikia mara ya kwanza, titi, shingo ya kizazi, tezi dume. Kwa figo kinyama kama hiki hakitafuti kansa. Kinaangalia vichujio vimeharibiwaje na nani. Mama akisikia hilo kutoka kinywani mwa daktari, si kwako mkwewe, atalala.

Kuhusu wizi wa figo, jirani mjibu taratibu. Kupandikiza figo ni upasuaji wa saa kadhaa, anayetoa amepimwa damu na tishu zilingane na za anayepokea, na figo ya sentimita 11 haipiti kwenye tundu la milimita mbili. Asiporidhika, ombeni ultrasaundi baada ya kipimo. Zitahesabiwa mbili. Na majaribio? Sindano hii ilianza kutumika kwa utaratibu Copenhagen, Poul Iversen na Claus Brun wakachapisha kazi yao mwaka 1951, mgonjwa akichomwa amekaa. Mwaka 1954 Chicago Robert Kark na Robert Muehrcke wakawalaza wagonjwa kifudifudi, na hadi leo ndivyo tunavyowalaza. Tangu wakati huo wajukuu wamezaa.

Wiki hizi tatu zina kazi. Aspirini ya jioni inazuia damu kuganda na mara nyingi husimamishwa kama siku 7 kabla, lakini asiisimamishe mwenyewe. Muulizeni daktari na mpewe tarehe kamili. Presha ipimwe mara kwa mara, maana madaktari wengi hupenda iwe chini ya 140 kwa 90 siku ya sindano, ikiwa juu watamrudisha nyumbani na nauli itakuwa imekwenda bure. Watapima wingi wa damu, chembe sahani zinazosaidia damu kuganda, muda wa kuganda na kundi la damu. Metformini nayo, kwa kriatinini ya 178, ulizeni kama dozi ibaki ileile au ipunguzwe, hilo lisingoje kipimo. Akiambiwa alale njaa, ulizeni vidonge vya asubuhi anywe au asinywe, na wewe uwe na chakula chake karibu akimaliza.

Ulizeni pia kile kinyama kinapelekwa wapi. Kinagawanywa: sehemu ya darubini ya kawaida, sehemu ya kupakwa rangi zinazong'aa kuonyesha kingamwili zilizonasa, na penye uwezo sehemu ya darubini ya elektroni. Si kila maabara ina hatua zote, na majibu yanaweza kuchukua siku au wiki. Kama mna bima, ulizeni kama inalipa sindano, kulala wodi na maabara, maana watu huambiwa bei ya kwanza tu wakashtuka kwa ya tatu.

Baada ya sindano atalala chali saa 4 hadi 6 bila kuinuka, hata chooni. Mara nyingi atalala wodini usiku huo. Mlete chupa za maji zilizo safi, zenye kuona ndani. Zamani zangu wodini nilikuwa naomba kila mkojo uingie kwenye chupa yake, naandika saa, nazipanga dirishani kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Daktari akiingia haulizi kitu, anatazama dirisha. Kama chupa ya saa tatu ni kama chai ya rangi na ya saa tisa imerudi kuwa njano, anatabasamu. Ikiwa inakwenda kinyume, tunakimbia. Wageni walikuwa wananiuliza kama nauza juisi.

Mkiwa nyumbani, akikojoa mabonge ya damu, akishindwa kukojoa, ubavu ukiuma kwa nguvu, akisikia kizunguzungu cha kutaka kuanguka au homa, ni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Nilisema nimeuguza wengi. Wawili nawakumbuka kwa ajili yako. Mama mmoja mwenye sukari ya miaka sita, amevimba kama mzee, familia ilikataa sindano mara mbili. Ya tatu wakakubali. Ikaonekana ni ugonjwa mwingine kabisa ambao mara nyingi hujibu dawa, akatibiwa, sukari ikampanda tukaishikilia kwa insulini, na baada ya miezi kadhaa povu likaisha. Insulini ikasimamishwa. Wa pili alikuwa baba, mwalimu, kinyama chake kikarudi na vile vifundo ambavyo Kimmelstiel na Wilson walivieleza mwaka 1936, alama inayojulikana ya sukari. Akanigeukia kwa hasira: "Kwa hiyo nimechomwa bure?"

Hakuchomwa bure, na mzee naye majibu yakirudi hivyo asijione kachezewa. Kwanza, aliponea kumezeshwa prednisoloni isiyomfaa. Pili, tangu mwaka 2010 wachunguzi wa vinyama wana madaraja manne ya madhara ya sukari kwenye figo, kwa hiyo mtu anajua amefika wapi. Tatu, dawa zipo: zile za presha za jamii ya losartani, na zile mpya zaidi kama dapagliflozini na empagliflozini, zilizoanza kama dawa za sukari zikaonekana zinalinda figo. Ni matibabu ya kuchelewesha, sikufichi, lakini miaka inayochelewa ni miaka ya kushona.

Kwa hiyo ukiniuliza akubali au muachane nacho, mimi nasema akubali, baada ya daktari kuona ule mfuko wa unga na zile diklofenaki. Huenda akasema tusimamishe hivi kwanza, turudie vipimo baada ya siku chache. Huenda akasema sindano ibaki palepale. Vyovyote atakavyosema atakuwa anaamua akiwa na habari zote. Lakini karatasi ya ridhaa anasaini mzee, si wewe, si mama, si shemeji. Akikataa hafukuzwi kliniki. Atatibiwa uvimbe na presha, na daktari atalazimika kukisia yaliyobaki. Aambiwe na hilo pia.

Muulize siku akiwa na utulivu, cherehani imezimwa. Mpe uzi mkononi, mwonyeshe urefu wa sentimita mbili.

Na safari ya kurudi Muheza: msipande basi siku ileile. Kama mna ndugu mjini, laleni kwake usiku mmoja baada ya kuruhusiwa, karibu na hospitali. Kutoka stendi hadi nyumbani asipande bodaboda, ile barabara yenu ya mashimo haifai kwa ubavu uliochomwa juzi. Wiki mbili asibebe robota la vitambaa wala ndoo ya maji. Cherehani ya miguu aikalie baada ya siku chache, daktari akiruhusu. Viatu vya Ijumaa viweke vizuri, uvimbe ukishuka atavitafuta.

Mama Nesi